Pengo la Inchi Nne

Meza yetu ni moja, na kila mtu ana haki nayo.
Alfajiri ni ya chai.
Jioni ni ya hesabu za Syokau
na kifutio chake kinachomwaga makombo kuliko mkate.
Saa tatu usiku, sufuria zikishaoshwa,
tokeni za stima zikiwa hazijaisha,
ni yangu.

Ndipo navuta cherehani kutoka chini ya kochi,
nabandua ugali uliokaukia ubaoni,
natandaza viraka.
Mama Kwamboka wa chini amekwisha kunizoea,
hagongi tena dari kwa mti wa ufagio.
Husema mlio ukikoma mapema hapati usingizi.

Nilianza Mumo akiwa tumboni.
Mfarishi wa mtoto, futi mbili kwa tatu, basi.
Vipande vya inchi nne:
shati la baba yake la karakana,
lenye alama ya oili ambayo hata jiki haikuiweza;
pazia la ile nyumba ya Kariobangi tuliyohamishwa na maji;
leso ya shangazi, maneno yake nikayakata bila kuangalia,
yakabaki mawili, HATA KAMA,
na sasa sikumbuki hata kama nini.

Nilipofika pindoni, Mumo alikuwa anatembea.
Miguu ikatokeza. Nikaongeza safu.
Akang'oka meno, nikaongeza
sare ya chekechea, mfuko bado una tundu la penseli.
Miaka kumi na minne nakimbizana na miguu ya mtoto kwa sindano,
na kila Disemba miguu inanishinda.

Gikomba, marobota yakifunguliwa,
wenzangu hukimbilia makoti.
Mimi huchutama penye masalio,
nanusa, navuta uzi kwa jino.
"Mama, hiki utakivalia wapi?"
"Hakivaliwi."
"Basi leta kumi."

Mutiso hana maneno kuhusu kushona.
Ila shati lake likichakaa
huliacha juu ya cherehani, limekunjwa,
vifungo ameshaving'oa.

Januari shule ikatuma orodha:
sanduku la bati, ndoo, kufuli,
blanketi moja, RANGI YA KIJIVU,
mistari miwili chini yake.
Mumo akaniwekea kidole pale mara tatu,
ile sauti yake mpya ikikwaruza.
Nimeona, nikasema. Nina macho.
Tukanunua la kijivu. Linawasha kama upupu.

Wiki ya pili nikatandua kitanda chake nifue.
Kona ya chini, pengo.
Si panya. Panya hapimi.
Nne kwa nne, na mkasi wangu mzuri,
ule niliowakataza kukatia karatasi.
Nilikaa sakafuni nikaita majina
kama mwalimu anayetafuta mtoro:
shati, lipo. Pazia, lipo.
Hata Kama hakuitika.

Siku ya kuwatembelea nilibeba chapati ishirini.
Alikula tisa bila kuinua macho.
Jua likakaza, akavua sweta, likageuka nje ndani,
na upande wa kushoto nikakiona,
kimeshikizwa kwa uzi mweupe juu ya kijani,
mishono mirefu
kama hatua za mtu anayeruka madimbwi.

"Nani amekushonea?"
"Mwenyewe."
"Hukufunga fundo."
"Najua."
Akachukua ya kumi.

Vitambaa vya kuziba ninavyo, mfuko mzima.
Mutiso ameshaweka shati lingine.
Usiku huu mfarishi uko mezani, sindano ina uzi,
na Syokau, ambaye nilidhani amelala,
amepenyeza mkono kwenye pengo mpaka kiwikoni,
anapapasa upande wa pili kama anatafuta swichi.
"Wangu utaanza lini?"

Nikamwambia asimame nimpime.
Akasimama kwa ncha za vidole.